SGR imefika Ngerengere, ramani za nyumba bado zinatoka WhatsApp

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024. Ngerengere, mji mdogo ulio kwenye reli tangu enzi za Wajerumani, nao ukapata kituo kipya.

Kituo kikijengwa, viwanja hufuata. Mtu wa Dar anaanza kupiga hesabu: akae Ngerengere, ashuke mjini kwa treni. Mwenyeji naye anafikiria vyumba vya kupangisha na fremu za duka.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: nani anachora hizo nyumba?

Jibu la kawaida ni fundi, akisaidiwa na simu. Mwenye kiwanja anaokota picha Instagram au kwenye kundi la WhatsApp, anamwonyesha fundi, anaambiwa "hii inawezekana bosi", na kesho yake msingi unachimbwa. Mbunifu majengo, yule aliyesomea kazi hiyo, hayumo kabisa kwenye mazungumzo.

Sheria ipo, mteja hayupo

Kisheria taaluma hii ina ulinzi. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 iliipa nguvu Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB). Si kila anayejua kuchora ni mbunifu majengo. Anayetoka Chuo Kikuu Ardhi na shahada yake bado hajamaliza: anatakiwa kufanya kazi chini ya mzoefu na kupita mtihani wa bodi ndipo asajiliwe.

Mtaani mambo ni tofauti. Mteja anataka "ramani tu", tena kwa bei ya chee. Hataki kusikia habari za kupima kiwanja, kuangalia udongo au kusimamia ujenzi. Akipewa mchoro wa awali, wapo wanaouchukua na kuupeleka kwa fundi bila kumaliza malipo. Mchoro mmoja unaweza kujengwa mara tano na aliyeuchora akalipwa mara moja, tena nusu.

Ndiyo maana vijana wengi wa fani hii wanaishi kwa kuuza picha za 3D mtandaoni. Picha inavutia, lakini haisemi nondo za milimita ngapi zikae wapi, wala maji ya mvua yaelekee upande gani.

Paa la kuficha kwenye joto la bonde

Mfano mzuri ni fasheni ya paa la kuficha. Ukuta unapandishwa juu, bati halionekani, nyumba inaonekana kama ghorofa la Ulaya. Kwenye picha inapendeza.

Lakini Ngerengere siyo Mgeta. Huku ni bondeni, mbali na ubaridi wa milima ya Uluguru, na joto lake si mchezo. Paa la kuficha linaondoa upenu, ile sehemu ya bati inayotokeza nje kukinga ukuta na dirisha. Jua linapiga ukuta moja kwa moja, na usiku ukuta unarudisha joto ndani. Mvua ikija, maji yote yanategemea mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta. Ukiziba kwa majani, maji yanashukia kwenye dari.

Mbunifu aliyefika kiwanjani angeanza na mambo mengine. Angelaza nyumba ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la jioni lisiingie vyumbani. Angeweka madirisha yanayotazamana, upepo upite. Angeuliza Mto Ngerengere na vijito vyake vinafika wapi masika. Angeangalia kama udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, maana huo ndio huleta nyufa ukutani hata kama simenti haikuibwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloongeza tofali. Ni maamuzi tu, lakini lazima yafanywe kabla ya jembe la kwanza.

Wala si mambo ya kizungu. Mtanzania Beda Amuli, aliyesanifu Soko la Kariakoo miaka ya 1970, alilipa paa la zege lenye umbo la miavuli, watu wakae kivulini huku hewa ikipita. Ni nusu karne iliyopita.

Serikali nayo inachangia

Lawama zisiishie kwa mwananchi. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka IMF, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima ndani ya miezi michache. Njia iliyotumika ni force account: fedha zinaenda shuleni, kamati inanunua vifaa, mafundi wa hapohapo wanajenga kwa ramani iliyotoka juu.

Faida yake ilionekana. Madarasa yalikamilika haraka na mafundi wa vijijini wakapata kazi. Lakini ramani ya aina moja ikienda sehemu za baridi na sehemu za joto, hakuna anayeulizwa dirisha litazame wapi. Mwananchi anayeona Serikali inajenga bila mbunifu kukanyaga eneo la ujenzi, naye anaona si lazima.

Gharama ya kuruka hatua

Machi 29, 2013, ghorofa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Kila mara zinaundwa kamati, ukaguzi unatangazwa, kisha maisha yanaendelea.

Ngerengere haina maghorofa ya Kariakoo, na nyumba ya vyumba vitatu haiui kirahisi hivyo. Hasara yake ni ya polepole: nyufa baada ya masika mawili, feni inayowaka usiku kucha, choo kilichojengwa karibu na kisima, fremu zilizoingia kwenye hifadhi ya barabara na kusubiri alama ya X.

Kipi kinawezekana

Kumwambia mkulima alipie huduma kamili ya mbunifu ni ndoto. Zipo njia za katikati. Halmashauri, ambayo makao yake yako Mvuha, mbali na Ngerengere, inaweza kuwa na ramani chache za gharama nafuu zilizochorwa kwa ajili ya joto na udongo wa bondeni, zikapatikana ofisi ya kata. Wajenzi kumi wa mtaa mmoja wanaweza kuchangishana kumleta mbunifu kwa siku moja, apite kiwanja kwa kiwanja. Na fundi, ambaye ndiye anayeaminiwa, anaweza kufundishwa kusoma mchoro badala ya kukisia picha.

Mji wenye nyumba chache bado unapangika. Vikishajengwa vile viwanja vya karibu na stesheni, kila kosa litahitaji nyundo na fidia.