UTAFITI WA KUMBUKUMBU USIISHIE KABATINI

Nina dukuduku juu ya jambo linalowahusu wazazi wote wenye watoto shuleni, yaani jinsi watoto wetu wanavyosoma kisha wakasahau, na jinsi wasomi wetu wanavyolichunguza jambo hilo kisha wakakaa na majibu yake.

Mimi ni fundi seremala niliyestaafu, mkazi wa Sombetini hapa Arusha, si mbali na soko la Mbauda. Miaka mitano iliyopita alikuja mtaani kwetu binti mmoja mwanachuo, mwenye adabu zake, akiwa na barua ya ruhusa ya serikali ya mtaa. Alitueleza kwamba anasomea saikolojia, ile ambayo wengine huiita elimunafsi, na kwamba anafanya utafiti juu ya kumbukumbu za watoto. Tukamkusanyia watoto wa darasa la nne wapatao ishirini, mjukuu wangu akiwa mmoja wao. Akawasomea orodha ya maneno, akawaacha wacheze kidogo, akawauliza ni maneno gani wanayakumbuka. Kesho yake akarudi akawauliza tena. Kila mtoto alipewa daftari na kalamu, sisi wazazi tukatia sahihi kwenye fomu, na binti akatuahidi kwamba matokeo yatatufaa sisi pamoja na walimu. Tangu siku hiyo hatujasikia neno.

Nilipopata safari nilikwenda chuoni kwao kuuliza. Nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba kazi ile ilikwisha kupitishwa, imejalidiwa, imo maktaba, imeandikwa kwa Kiingereza, na mtu wa nje haruhusiwi kuiazima. Binti mwenyewe alikwisha pata shahada yake akaondoka. Simlaumu hata kidogo. Kwa masharti aliyopewa alikwisha maliza kazi, wala hakuna aliyemwambia kwamba kazi ile ilipaswa kurudi Sombetini.

Ningeliacha jambo hili lipite kama yanavyopita mengine, lakini mjukuu yule sasa yuko kidato cha pili na mwaka huu anakabiliwa na upimaji wa kitaifa. Asipofikia kiwango atakariri kidato. Nawaomba wasomaji walitazame neno hilo, maana Kiswahili chetu kina mzaha wake: mtoto hukariri usiku kucha asije akakariri mwaka mzima. Basi huyu wangu ni hodari wa kukariri. Hukaa mezani na daftari la Baiolojia mpaka saa tano usiku, midomo ikichezacheza kama mtu aliye katika sala. Usiku mmoja nikamuuliza amefikia wapi. Akanijibu, "Babu, nimeshasoma mara nne." Nikamwambia, "Haya, funga daftari unieleze, hata kwa Kiswahili." Akafunga. Akatazama dari. Akataja neno moja la Kiingereza, akalirudia, akanyamaza. Machozi yalimlengalenga, maana alikuwa hakika kabisa kwamba anajua.

Nilimsimulia jirani yangu, ambaye ni mwalimu, naye akacheka akasema kwamba jambo hilo lilikwisha chunguzwa huko Marekani, tena kwa maneno ya Kiswahili. Nilidhani ananitania. Akanisomea kutoka kwenye simu yake, akanifasiria sentensi kwa sentensi, na nikiri kwamba nilikaa kimya muda mrefu.

Yaliyomo ni haya. Mwezi wa Februari mwaka 2008 jarida la sayansi liitwalo Science lilichapisha utafiti wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Karpicke huyo alikuwa amesoma shahada yake ya udaktari chini ya Roediger katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mji wa St. Louis. Waliwapa wanafunzi wa chuo maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, mfano "mashua". Walichagua Kiswahili kwa sababu wanafunzi wale hawakukijua, na hata hivyo maneno yake huandikwa kwa herufi wanazozijua na hutamkika bila taabu. Kwa hakika haikuwa mara ya kwanza, kwani tangu mwaka 1994 watafiti wawili wa huko, Nelson na Dunlosky, walikuwa wameandaa orodha ya maneno 100 ya Kiswahili kwa ajili ya kazi za namna hii, na wengi wameitumia.

Wanafunzi wale walisoma orodha, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliendelea kulisoma neno hilo lakini halikuulizwa tena. Kundi jingine halikulisoma tena lakini liliendelea kuulizwa. Siku ile ile wote walikuwa wamekwisha yajua maneno yote, huwezi kumtofautisha huyu na yule. Baada ya juma moja wakaitwa. Wale walioendelea kuulizwa walikumbuka kiasi cha maneno 80 katika kila mia. Wale walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka kama 36 tu. Na jambo lililonigusa mimi zaidi ni kwamba kabla ya kuondoka siku ya kwanza waliombwa wakisie watakumbuka kiasi gani, na makundi yote yalikisia karibu sawa, kama nusu. Aliyekuwa atafaulu na aliyekuwa atasahau walijiona wako sawasawa. Hapo ndipo nilipomwona mjukuu wangu na daftari lake lililosomwa mara nne.

Watafiti hao hao walikuwa wametoa utafiti mwingine mwaka 2006, safari hii kwa habari za kusoma badala ya maneno mojamoja. Waliorudia kusoma walishinda walipoulizwa baada ya dakika tano. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka 42 katika mia, na waliofunga kitabu wakajaribu kuandika walichokumbuka walipata 56. Sasa naelewa kwa nini vijana wetu hawaachi kumeza madesa usiku wa kuamkia mtihani. Wakimeza leo wakatapika kesho asubuhi, huonekana wamefaulu. Deni huja kudaiwa baadaye, mada ya pili inapojengwa juu ya ile ya kwanza ambayo imekwisha yeyuka.

Nisingependa mtu adhani kwamba haya ni maajabu ya Wazungu. Panda daladala yoyote ya mjini kwetu. Konda ana abiria ishirini, wengine wameshuka, wengine wamepanda, na anajua nani hajalipa. Hakuandika popote. Siri yake ni kwamba kila baada ya kituo anajiuliza na anatuuliza. Wafugaji wetu vilevile wanapohesabu ng'ombe jioni hawasomi daftari, humwita kila mmoja kwa rangi na pembe zake kutoka kichwani. Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika mwaka 1932 habari za mchungaji mmoja wa kule Uswazi, ambaye aliweza kutaja ng'ombe walionunuliwa kama mwaka mzima nyuma, rangi zao na bei zao, karibu bila kosa. Kitu anachokishughulikia mtu kila siku kwa kukitafuta akilini hakimpotei.

Nilijaribu na mjukuu wangu. Nasema kweli, majuma mawili ya kwanza yalikuwa mabaya, maana kufunga daftari kunakuonyesha ujinga wako, na hakuna apendaye kuonyeshwa. Alinuna. Alisema napoteza muda wake wa kusoma. Nikambembeleza asome ukurasa mara moja, afunge, aandike anachokumbuka kwenye karatasi yoyote, kisha afungue ajisahihishe mwenyewe, na kesho kutwa ajiulize tena yale yale. Baiolojia na Historia zimepanda. Hisabati bado iko pale pale, kwa hiyo sitawadanganya wasomaji kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Na liko tatizo ambalo njia hii imelianika zaidi kuliko kulitibu: sentensi nyingi za Kiingereza alizokuwa akizikariri hakuzielewa maana yake, na kitu kisichoeleweka hata ukijiuliza mara mia hakina pa kushika.

Najua walimu watasema kwamba watoto tayari wanaulizwa mno, kuna majaribio ya juma, ya mwezi, ya muhula. Ni kweli. Lakini jaribio la kwetu mara nyingi ni la kugawa watu: wa kwanza, wa mwisho, na fimbo. Mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea Mwalimu Nyerere alikwisha lalamikia mitihani inayopima tu uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa anapoulizwa, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani wa siku moja usiwe ndio hakimu peke yake. Hapo wasomaji wenye umri wangu wataniuliza, je, si unaturudisha kule kule? Hapana. Kuulizwa ninakokusema mimi hakuna alama. Hata mwalimu mwenye watoto tisini hahitaji kusahihisha chochote. Dakika tano za mwisho anasema fungeni madaftari, andikeni mnachokumbuka, mwonyesheni jirani yenu, fungueni mjisahihishe. Wala hakuna kitabu kipya cha kununua, jambo ambalo labda ndilo linaloifanya njia hii isitafutiwe fedha na mtu yeyote.

Wala isidhaniwe kwamba utafiti wa akili za watoto haujafanyika kwetu. Mwaka 2002 Robert Sternberg wa Marekani na wenzake, miongoni mwao Damaris Ngorosho, walichapisha kazi waliyoifanya kwa watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Waliwapima, wakawafundisha kwa muda mfupi usiozidi saa moja namna ya kufikiri juu ya maswali yale, wakawapima tena, na watoto wakapanda, kuonyesha kwamba alama ya mara moja huficha uwezo mwingi. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti mwingine wa watoto wa shule wa Tanzania uliohusisha kichocho kikali na udhaifu wa kumbukumbu ya muda mfupi. Hizi ni habari ambazo mzazi angepaswa kuzijua kabla ya kumwita mwanawe mjinga. Zote mbili zilitoka kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo. Mimi nimezipata kwa bahati, kwa kuwa na jirani mwalimu mwenye simu na moyo wa subira.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo penye uchungu wangu. Maneno yetu, mashua na mengine, yamekwenda Marekani yakawasaidia kujua jinsi mtu anavyojifunza. Watoto wetu wametoa majibu yao kwa wanafunzi wa vyuo vyetu kila mwaka, Arusha, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko. Majibu yanakwenda, hayarudi. Nashauri wahusika wa vyuo vikuu waweke sharti moja dogo: mwanachuo yeyote anayechunguza watu asipewe shahada mpaka ameandika kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida, akazipeleka shuleni na kwenye ofisi ya mtaa alikofanyia kazi, zikabandikwa ukutani pale yanapobandikwa matangazo ya maji na mikutano. Kama utafiti haukupata kitu, aandike hivyo hivyo kwamba haukupata kitu. Kurasa mbili si mzigo kwa mtu aliyekwisha andika mia moja. Na wale waliokwisha maliza miaka ya nyuma, kama yule binti, ikiwa mmoja wao anasoma barua hii, bado hajachelewa. Ofisi yetu ya mtaa iko pale pale, na ukuta una nafasi.

Nasema haya kwa sababu juzi, tulipokuwa tumefunga daftari la Historia, mjukuu wangu aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Anamkumbuka yule dada, anakumbuka rangi ya kalamu aliyompa, na anakumbuka maneno saba katika yale aliyosomewa. Alitaka kujua kama siku ile alifaulu.

Babu wa Kidato cha Pili,
Sombetini,
Arusha.