Umekisoma, Mama Mkubwa?



Mwezi wa Muharram ulipoandama tuliahidi katika safu hii kwamba mwaka huu tungesoma vitabu 12 vya Kiswahili, kimoja kila mwezi, vyote katika vile wanavyosoma watoto wetu wa sekondari. Rajabu imetukuta na vinne tu. Shughuli za nyumba zina lawama yake, na uvivu wetu una lawama kubwa zaidi. Hata hivyo, vinne hivyo vimetukumbusha kosa letu wenyewe, na hatuoni haki kulificha ijapokuwa latutia haya.

Dada yetu ameolewa Meru mjini, na bintiye yuko shule ya bweni huko Embu. Likizo iliyopita tulikwenda kuwazuru. Siku ya pili tukakiona mezani kitabu cha Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyotoka mwaka wa 2014 na ambayo vijana wengi wa Kenya waliisoma kwa ajili ya mtihani. Tuliwahi kusikia harusini kuwa ina mambo ya aibu. Pasi na kukifungua, tukamwambia dada akiweke mbali na mtoto. Akakitia kabatini, chini ya mashuka.

Wiki ile ile tulimsindikiza mtoto kurudi shuleni. Barabara ya Meru hadi Embu hupinda ubavuni mwa Mlima Kenya, ikipita Nkubu, Chuka na Runyenjes na kuvuka mto baada ya mto, na ndani ya matatu mtu hana pa kulikimbilia swali. Tulipoipita Chuka akatuuliza, kwa adabu zake zote: "Umekisoma, mama mkubwa?"

Hatukuwa tumekisoma. Akanyamaza, akageukia dirisha. Lau angalitujibu kwa ujeuri tungalijua la kusema.

Tuliporudi Meru tulikitoa chini ya mashuka, tukakisoma kwa siku tatu. Ni kweli mna mambo mazito: nyumba zinazochomwa baada ya uchaguzi, mabinti wanaohujumiwa mbele ya baba yao, na Umulkheri, msichana aliyeachwa na mama, akafiwa na baba, kisha akaibiwa ndugu zake wawili na Sauna, mtumishi wa nyumbani. Lakini aliyetukaa moyoni ni Sauna huyo huyo. Kabla ya kuwa mwizi wa watoto, alikuwa binti aliyedhulumiwa na baba wa kambo, na mama yake, kwa kuogopa fedheha, akamsihi asimwambie mtu. Tulipofika hapo tulikifunga kitabu kwa muda. Yule mama alificha, nasi tulikuwa tumeficha. Sitara ni jambo tukufu katika dini yetu, lakini haikuwekwa kumfunika mdhalimu.

Kasoro zake zipo. Majina ni mengi hadi msomaji hulazimika kurudi nyuma, na mwishoni ndugu wanakutana kwa sadfa zilizorahisishwa mno. Mtoto wa miaka 12 hatungempa kitabu hiki. Wa miaka 16 tungempa, nasi tungekaa karibu ili akiuliza apate wa kumjibu.

Kitabu cha pili si kipya, lakini safari ile ndiyo iliyotukumbusha. Ukiiacha barabara na kushuka mashariki waingia Tharaka, nchi ya joto chini ya mlima, alikozaliwa Kithaka wa Mberia. Sisi watu wa pwani hudhani Kiswahili ni urithi wetu, twakiacha kabatini kama vyombo vya harusi, na huku mtu aliyekua akisema Kitharaka akitunga mashairi na tamthilia ambazo wengi wetu hatujazigusa. Tamthilia yake ya Natala ilitoka mwaka wa 1997. Natala anaambiwa kuwa mjane, na shemeji ataka kumrithi pamoja na shamba. Yeye akakataa.

Kuna atakayesema hayo ni ya bara, kwetu mjane hukaa eda na hupata fungu lake. Sheria ndivyo isemavyo, na aya ya 19 ya Sura ya Nisaa imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Lakini tuulizane, hati ya nyumba iko sandukuni mwa nani? Twawajua wajane waliongojea fungu hilo hadi wajukuu wakazaliwa, na shemeji bado "anaitafuta karatasi".

Nguu za Jadi ya Clara Momanyi tulikisoma upesi. Mangwasha, anayesimama imara watu wake wakipokonywa ardhi huku mumewe akizama katika ulevi, ni mwanamke wa kupendeza, ila wabaya wa kitabu ni wabaya kupita kiasi.

Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, ilitugusa zaidi. Yona na mkewe Sara walichekwa kijijini kwa kupata mabinti watupu, na Yona akakimbilia pombe. Sara anapougua, binti huyo huyo aliyedharauliwa, Neema, ndiye anayehangaika na matibabu, na mumewe Bunju ashikilia kuwa mila hairuhusu wazazi wa mke kulala kwake. Dada yetu alicheka sana hapo, kwani kwetu mama huja kwa bintiye aliyejifungua akakaa siku 40, na mkwe ndiye atafutaye pa kulala. Kisha akaacha kucheka. Yeye ana mabinti watatu, na anayajua maneno aliyoambiwa kila alipojifungua.

Mtoto tumempelekea salamu Embu kwamba tumekisoma, na kwamba tulikosea. Amejibu kupitia mama yake kwamba sasa tusome Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka wa 1996, kisha tuzungumze likizo ijayo. Hicho ndicho cha Shaabani, inshallah. Natala hatutaweza kumwazima mtu kwa sasa. Nakala yetu imebaki Meru, na kila tukiiulizia dada hutuambia hajaimaliza, ilhali ni kitabu chembamba.