Tanzia za Wazee Wetu Zieleze Kazi Zao

Mtu akihudhuria maziko matatu au manne katika vijiji vya Bahati, Molo, Rongai au Subukia, atayaona kuwa yana utaratibu mmoja usiobadilika, wafiwa wawe wa kanisa hili au lile, wawe Wakikuyu, Wakalenjin au Abagusii: mahema yamesimamishwa uani, viti vya kukodi vimepangwa, kijitabu chenye picha ya marehemu kimegawiwa, na mjukuu mwenye sauti nzuri amesimama mbele ya kipaza sauti kusoma tanzia. Katika tanzia hiyo atasikia mwaka wa kuzaliwa kwa marehemu na majina ya wazazi wake, ubatizo na ndoa yake, watoto wake kwa kufuatana, wakwe na wajukuu kwa idadi. Kisha, kwa urefu usiolingana na hayo yote, atasikia habari za maradhi yake, hospitali aliyopelekwa kwanza, hospitali aliyohamishiwa baadaye, jinsi madaktari walivyojitahidi, na saa aliyokata roho. Baina ya ndoa na maradhi kuna miaka hamsini au sitini, nayo hupita kwa sentensi moja, kwamba marehemu alikuwa mkulima hodari na mcha Mungu.

Rai ninayoitoa hapa ni kwamba sentensi hiyo moja ni dhuluma kwa marehemu na hasara kwa sisi tuliobaki, kwa sababu maradhi na mauti ni fungu la kila kiumbe na hayampambanui mtu na jirani yake, ilhali kazi aliyoifanya kwa mikono yake, maarifa aliyoyapata kwa taabu, na misiba aliyoivuka pamoja na watu wa zama zake ndivyo vinavyompambanua. Na tanzia iliyoyaacha hayo, hata ikisomwa kwa huzuni na kuchapwa kwa rangi, haijamkumbuka mtu yeyote hasa.

Kasoro hii haikutokana na upungufu wa mapenzi. Zamani, simu zilipokuwa haba na barua zikichelewa, matangazo ya vifo katika Sauti ya Kenya ndiyo yaliyowapasha habari jamaa waliotawanyika toka Kericho hadi Mombasa, na tangazo la namna ile lilipaswa kuwa orodha ya nasaba, maana msikilizaji alitaka kujua kwa yakini ni mtu wa nyumba gani aliyefariki, mume au mke wa nani, mzazi wa nani, na atazikwa wapi na siku gani. Orodha ile ilikuwa na kazi yake. Lakini tanzia husomwa mbele ya watu waliokwisha kuyajua hayo, ndiyo maana wakafika, na sisi tumelichukua umbo la tangazo tukaliweka mahali pa wasifu. Sababu ya pili ni ya fedha, nayo haisemwi waziwazi: nyumba nyingi za mashambani hulipa deni la hospitali kwa harambee, na wale wanakanisa, majirani na akina mama wa chama waliotoa shilingi zao wana haki ya kujua zilivyotumika, basi habari ndefu za maradhi huwa ni hesabu inayotolewa kwa adabu mbele ya waliochanga. Sababu ya tatu ni haraka, kwa kuwa tanzia hutungwa usiku mmoja au miwili wakati wa matanga, aghalabu na vijana waliokuja kutoka Nairobi, waliomjua marehemu wakati wa likizo tu, na wanaoona haya kuuliza maswali marefu nyumba ikiwa katika machozi.

Hasara ya jambo hili ni kubwa kila mahali, lakini katika Bonde la Ufa la kati ni kubwa zaidi, kwa kuwa hapa ardhi ile ile imepata wenyewe wapya mara kadhaa katika muda usiozidi umri wa watu wawili. Wamaasai waliondolewa katika nyanda za Nakuru na Naivasha kwa mkataba wa mwaka 1904. Walowezi wa Kizungu wakakatiwa mashamba makubwa, Lord Delamere huko Njoro akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Na watu wa makabila mengi wakaja kufanya kazi chini yao. Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu skwota, yaani kibarua aliyeishi shambani humo, kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili apate ruhusa ya kukaa na kulima kisehemu chake; mifugo yake ikaondolewa kwa nguvu katika miaka ya 1920, tendo ambalo maskwota wenyewe waliliita kifagio; na ilipotangazwa hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu waliondoshwa mashambani humu wakapelekwa Mkoa wa Kati, wakiwamo waliozaliwa Bonde la Ufa ambao huko walikoambiwa ni kwao hawakuwa wamepata kukuona.

Na tuupime umri mmoja kwa mizani ya tarehe hizo. Mwanamke aliyezaliwa katika shamba la mlowezi huko Elburgon mwaka 1934, akaondoka duniani mwenye miaka 90, alikuwa na miaka 18 ilipotangazwa hali ya hatari, na miaka 29 ilipopandishwa bendera ya Kenya. Mtu wa kizazi hicho aliweza kufukuzwa, akarudi, akajiunga na kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro au Nyakinyua, akalipa hisa kwa fedha za kibarua na za mboga. Akachuma maua ya pareto kwa vidole vyake, akayaanika juani na kuyapeleka yauzwe Nakuru, katika miaka ambayo nchi hii iliipita dunia nzima kwa zao hilo. Kisha akaishi hata akaona pareto ikianguka na wakulima wakingoja malipo yasiyofika, na hata akayashuhudia, akiwa mkimbizi au akiwa mwenye kuwaficha wakimbizi, machafuko ya 1992, ya 1998 na ya 2008. Mtu kama huyo anapozikwa kwa maneno mawili, mkulima hodari, huzikwa pamoja naye ushahidi usiopatikana katika faili yoyote ya serikali, kwa kuwa faili humtaja aliyeandikishwa kuwa mwenye hisa, ambaye mara nyingi ni mume, wala haisemi ni nani aliyezitafuta shilingi zenyewe. Bi Tabitha Kanogo, mwanahistoria, alipokiandika kitabu chake juu ya maskwota na chimbuko la Mau Mau, kilichotoka mwaka 1987, aliweza kuyategemea masimulizi ya watu walioishi maisha yale. Atakayetaka kuifanya kazi kama hiyo leo atawakuta wachache mno.

Wala mtu asidhani kuwa kumbukumbu za wazee ni pambo la hafla. Shauri la Waogiek wa msitu wa Mau lilipofikishwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, kiini cha ubishi kilikuwa ni kama watu hao waliishi msituni humo, wakirina asali na kuwinda, tangu zama zilizotangulia hati na mipaka ya serikali. Na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa. Jamii iliyonyimwa hati hutegemea ushahidi wa wazee wake, na ushahidi huo, usipoandikwa mwenyewe akiwa hai, hauwezi kuitwa tena mahakamani.

Katika sehemu hizi hizi wako waliotutangulia ambao waliwaheshimu wafu wao kwa njia inayostahili kutafakariwa. Mwaka 1938 Louis na Mary Leakey walichimba pango kando ya Mto Njoro, wakakuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa baada ya kufa, yapata miaka elfu tatu iliyopita, na pamoja nao bakuli za mawe, vinu na michi ya mawe, na shanga. Kila maiti, kwa kadiri ilivyoonekana, alipewa vyombo vyake. Hyrax Hill, pembezoni mwa mji wa Nakuru, Bi Leakey alifukua makaburi mengine ya kale, ambamo wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe. Majina ya watu hao hatuyajui, na lugha yao imepotea, lakini tunajua walisaga kwa chombo gani, kwa sababu waliowazika waliona kuwa kazi ya mtu ndiyo inayofaa kufuatana naye. Sisi tulio na kalamu, karatasi na mashine za kuchapa tunayahifadhi majina ya hospitali.

Misiba mikubwa imetuzoesha ubaya huu zaidi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, lilishika moto likaua watu zaidi ya 100, na wasioweza kutambuliwa wakazikwa pamoja. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la Patel lilipasuka huko Solai, likachukua watu zaidi ya 40, wakiwamo watoto. Na alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyoshuka kwa ghafula juu ya Mai Mahiu yakaangamiza makumi ya watu waliokuwa wamelala. Idadi hizi zilikuwa na faida, maana bila idadi hapana fidia wala uchunguzi, na viongozi hawafiki mahali pasipo na idadi. Lakini mambo ya jumla yakisha kusemwa na hotuba zikisha kutolewa, hatupati kuelezwa ni fundi gani aliyepotea Solai ambaye kijiji kilimtegemea, wala ni nani miongoni mwa waliofagiliwa na maji huko Mai Mahiu aliyekuwa akiwafundisha watoto wa wenzake kuimba au kukamua. Na msiba unaokumbukwa kwa idadi tu hufutwa na msiba mwingine wenye idadi kubwa kuliko huo.

Najua majibu yatakayotolewa. Ya kwanza ni kwamba marehemu asemwe kwa heri, na kwamba katika kaunti hii ya Nakuru, ambayo majirani wamepata kushikiana mapanga, tanzia ya kweli yaweza kutonesha vidonda. Hofu hii ina haki yake, na sitaki mtu asimame kaburini kuhesabu makosa ya waliolala. Lakini kazi ya mkunga aliyezalisha watoto wa pande zote mbili za mto, au ya seremala aliyewachongea madawati watoto wa kabila lisilo lake, haimtoneshi mtu, bali hutuonyesha kwamba kuishi pamoja si ndoto ya wahubiri, kumekwisha kutendeka kwa miaka mingi mikononi mwa watu tuliowajua. Kinachotonesha ni hotuba ya mwanasiasa anayepokea kipaza sauti baada ya tanzia ya dakika tano, akazungumza nusu saa juu ya uchaguzi ujao, huku jeneza likingoja. Jibu la pili ni gharama, kwamba maziko yamekwisha kuwa mzigo. Nami nasema kurasa mbili za habari za kazi hazizidi bei ya kurasa mbili za habari za maradhi.

Basi yafaa tufanye mambo machache yaliyo katika uwezo wetu. Kwanza, tanzia ianzwe mwenyewe angali hai: likizo ya Desemba mjukuu amkalishe nyanya au babu yake, amwulize alifanya kazi shamba gani, chini ya nani, kwa posho gani, alikipataje kiwanja chake, alifundishwa nini na nani, na ni jirani yupi aliyemfaa siku ya dhiki. Walimu wa shule za msingi na sekondari waweza kulifanya hili kuwa zoezi la insha, na watoto watajifunza lugha na historia kwa pamoja. Pili, siku ya maziko kazi isomwe kabla ya maradhi, na maradhi yapewe sentensi moja. Familia inayotaka kutoa hesabu ya michango iitoe katika kikao cha kamati, ambapo itaeleweka zaidi. Tatu, nakala moja ya kila tanzia ihifadhiwe nje ya nyumba ya wafiwa, katika parokia, msikitini, shuleni, au maktaba ya Nakuru, kwa mafungu ya kata na miaka. Naibu wa chifu hushughulika na habari za kila anayefia nyumbani ili kibali cha maziko kipatikane, basi si taabu kubwa akiwakumbusha wafiwa kuleta karatasi mbili zaidi.

Asiyeamini kuwa maisha ya mtu wa kijijini yanastahili kalamu na amkumbuke Shaaban Robert, ambaye katika nathari yetu aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya watu maskini na aliyewahi kutembeza vyungu kuviuza kabla Unguja nzima haijamjua. Hakuuficha umaskini wala vyungu, na heshima ya Bibi yule haikupungua kwa kutajwa kazi yake. Si kila mtu wa Kuresoi au Dundori atapata mwandishi wa daraja ile, wala hahitaji. Anahitaji mtu mmoja wa nyumba yake mwenye subira ya kuuliza na uaminifu wa kuandika alichojibiwa. Dhima hiyo ni ya wana na wajukuu waliosomeshwa kwa pareto, kwa maziwa na kwa viazi vya wazee hao, nao ndio watakaoulizwa na watoto wao siku moja shamba hili lilipatikana vipi. Na wasipoandika sasa, wakati wenye majibu wangali barazani, watalazimika kujibu kwa kubahatisha, na katika nchi ambayo ardhi imekwisha kumwaga damu mara nyingi, kubahatisha juu ya asili ya shamba ni jambo la hatari.