Haijanoki hiyo, msishushe injini kwanza

Chang'ombe ninayoizungumzia ni ya Dodoma, siyo ile ya Temeke jirani na Uwanja wa Mkapa. Huku kwetu, siku Dodoma Jiji ikicheza na Simba au Yanga pale Jamhuri, mitaa inajaa magari ya vijana: Altezza, Subaru, Mark II za zamani, bendera zimefungwa kwenye vioo. Na siku hizo hizo ndiyo unasikia neno linalovunja moyo kuliko bao la dakika ya 90. "Imenoki."

Neno hilo limekuwa jepesi mno. Gari limegonga mara mbili njiani, likanyamaza. Linafikishwa gereji, fundi hata hajaliwasha, hukumu imeshatoka: shusha injini, tafuta nyingine. Hiyo ni akiba ya kijana ya miaka. Ni sawa na kushangilia penalti wakati tukio lenyewe lilikukuta nje unanunua karanga.

Mlio unaokuja na kuondoka una ratiba yake. Kazi ya kwanza ni kuijua. Unakuja injini ikiwa ya baridi au ya moto? Ukiwa umekanyaga mafuta au umeachia? Kwenye kilima, au kwenye kipilefti? Mwenye gari ndiye aliyekuwepo, aulizwe yeye kwanza. Halafu fundi apande, waende wakautafute pamoja barabarani. Fundi asiyetaka kupanda gari bovu, mimi simpi funguo.

Chukua Altezza, kipenzi cha vijana wetu. Ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho ni mzee mwenzetu. Ile RS200 yenye injini ya 3S-GE ina mgandamizo unaozidi 11 kwa 1, na Toyota waliitengeneza inywe petroli ya daraja la juu. Ipe petroli dhaifu, kisha ipandishe Gairo ikiwa na watu watano na gia kubwa: sehemu ya mchanganyiko ndani ya silinda inalipuka yenyewe bila kusubiri moto wa plagi uifikie. Utasikia mlio mwembamba, kama sarafu zinatikiswa kwenye kopo. Ukipunguza mguu, kimya. Joto likizidi au masizi yakijaa ndani, mambo ni yale yale.

Na hapa wengi wanachanganywa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi. Dar hewa ni nzito, silinda inajaa zaidi, mgandamizo unapanda. Gari lililo kimya Chang'ombe linaweza kugonga Kimara kwa petroli ile ile. Fundi wa huku atasema hakuna kitu, wa kule atasema imekufa, na kila mmoja amesema alichosikia.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo inafanya hivyo hivyo. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ili mchezo huo usilipe. Lakini kama mlio umeanza baada ya kujaza kwenye madumu ya kijiweni, mbona jibu unalo? Jaza petroli nzuri, endesha, sikiliza tena kabla ya kugusa spana.

Mlio wa kuogopa ni mwingine. Ni mzito, kama nyundo kwenye ubao, unafuata mzunguko wa injini, na unazidi oili ikiwa ya moto na imelainika. Hapo ndipo beringi za konrodi zinatajwa, na hata hapo kuna vipimo. Injini ikiwa inaunguruma pale pale, chomoa waya wa koili moja moja. Ukifika kwenye silinda fulani mlio ukafifia, umempata mhusika. Pima presha ya oili kwa geji. Pasua filta ya zamani, uangalie kama kuna chembe za chuma zinazong'aa. Hakuna kati ya hayo linalofikia bei ya kushusha injini.

Ukigonga kwenye kipilefti tu, chomoa kijiti cha oili. Injini hizi za zamani zinakula oili. Ikipungua, gari likilala upande mmoja oili inakimbia mdomo wa pampu na beringi zinabaki kavu kwa sekunde chache. Mlio wa asubuhi ya baridi ya Julai unaopotea injini ikipata moto, mara nyingi ni pistoni iliyolegea kidogo, inaishi miaka. Na msicheke: bati la kukinga joto la ekzosi likilegea boliti moja, linagonga kama mwisho wa dunia.

Kinachoniudhi zaidi ni madalali wanaomimina oili nzito ili mlio unyamaze mpaka mteja alipe. Ukienda kununua, fika injini ikiwa ya baridi, ukiwasha wewe.

Na sisi mashabiki tumo. Mechi ikiisha Jamhuri, kijana anawasha gari lililopoa kwa dakika 90, anapiga resi mpaka mwisho, sisi tunamshangilia na simu juu. Oili bado haijapata moto, haijafika vizuri kila mahali. Wiki ijayo tunamwonea huruma gereji.

Safari ya kwenda kuiona timu isiwadanganye pia. Mlio mzito ukija pamoja na taa ya oili kuwaka, hata kwa kufumba na kufumbua, egesha, zima, pigia gari la kuvuta. Usijaribu kufika, hata kama zimebaki kilomita kumi na mpira umeshaanza. Redio inafanya kazi injini ikiwa imezimwa.