Haidrojeni isiyotoka ni ya nini?

Wadau, leo nina hasira. Jana hapa Bukoba tumebishana bwenini mpaka saa sita usiku. Jamaa wa kemia kang'ang'ania eti magnesiamu ndiyo ghala bora la haidrojeni, kisa haidraidi yake imebeba asilimia 7.6 kwa uzito.

Sawa, imebeba. Inatoa? Mpaka uipashe moto karibu nyuzijoto 300 ndiyo iachie kwa kasi ya maana! Na ikitoa inameza joto. Ukizubaa inapoa, kasi inashuka. Yaani ghala limejaa, ufunguo hakuna.

Lanthanamu-nikeli mnaicheka kwa asilimia yake 1.4, wakati yenyewe inaachia kwa joto la kawaida la chumbani. Na kila kilo 100 za aloi hiyo, karibu 68 ni nikeli, madini yaliyolala Kabanga, Ngara, mkoa wetu huu huu!

Sisi ni walimu watarajiwa jamani. Tukienda BTP tukakaririsha watoto asilimia bila kasi, tumewapa nusu ya somo. Kubeba na kutoa ni vitu viwili. Anayebisha aje na hesabu, siyo kelele.

Nawakilisha!