Nabii Apimwe kwa Matunda Yake

Mchukuzi wa Kariakoo, anayesukuma mkokoteni tangu alfajiri, huijua thamani ya kila shilingi. Mwenye duka akimpunja, humkemea palepale. Kwa nini basi wauzao mafuta na maji ya "upako" jijini Dar es Salaam wasiwekwe kwenye mizani hiyo hiyo?

Maandiko wanayoyashika mkononi ndiyo yanayowahukumu. Mika aliwashutumu manabii waliotabiri kwa ajili ya fedha. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, yasema kwamba neno lisilotimia halikutoka kwa Mungu. Injili ya Mathayo, sura ya 7, yaagiza manabii watambuliwe kwa matunda yao.

Na matunda yameonekana. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya "upako". Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400, wakiwamo watoto. Mhubiri wao alishitakiwa.

Nabii wa kweli humkemea tajiri na kumtetea mnyonge. Wa uongo humbariki tajiri na kumkamua mnyonge. Anayemkataza mgonjwa dawa za hospitali, anayedai malipo kabla ya sala, asiyekubali kuulizwa hesabu, huyo ni mlanguzi aliyevaa joho.

Uhuru wa kuabudu haukuwa kamwe uhuru wa kunyonya. Wavuja jasho hawana budi kudai matunda kabla ya kutoa senti yao.