Mtoto Akiumizwa Katika Khitani: Matibabu Yake na Dhamana ya Aliyemuumiza

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym.

Kila himdi anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake. Ammaa ba'd:

Kila zinapokaribia likizo za skuli, wazazi visiwani kwetu hupanga kuwatahiri watoto wao wa kiume. Ni jambo la kheri. Khitani ni katika mambo ya fitra, na kwa madhhab ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya watu wetu wengi, ni wajibu. Hatuna la kubishana hapo. Tunalotaka kulizungumza ni lile linalofichwa majumbani: mtoto aliyeumizwa, na wazazi wanaonyamaza kwa aibu au kwa kusema ni qadar.

Madhara makubwa ni machache, walillaahil-hamd. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 na Helen Weiss na wenzake yalionyesha kuwa matatizo ya aina yoyote, mengi yao madogo, yalikuwa kiasi cha 1.5% kwa watoto wachanga na 6% kwa waliovuka mwaka mmoja. Lakini uchache huo haumfai kitu mtoto yaliyemfika.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba tohara katika mipango ya kujikinga na Ukimwi barani Afrika ifanywe kwa vijana wa miaka 15 na kuendelea. Miongoni mwa sababu ni majeraha mabaya yaliyoonekana kwa watoto wadogo zaidi. Wapo waliolichukua hilo kuwa ni vita dhidi ya Sunnah. Si hivyo. Pendekezo lile halikuhusu khitani ya kidini. Ila ndani yake mna funzo kwetu sisi tunaotahiri wadogo: kiungo cha mtoto ni kidogo, na mbinu inayomfaa mtu mzima huweza kumharibu mtoto. Kulivuta govi, kulibana kwa koleo na kukata bila ya kukiona kichwa cha dhakari, ni kukata kwa kubahatisha.

Madhara yenyewe ni yepi, na hutibiwa vipi? La kwanza ni damu isiyokatika. Ikandamizwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe hospitali saa ile ile, si asubuhi yake. Huenda ukahitajika mshono tu, na huenda ikagundulika kuwa mtoto ana maradhi ya damu kutoganda. Ndiyo maana familia yenye historia ya maradhi hayo ni lazima iseme kabla ya kisu.

La pili ni kukatika kichwa cha dhakari. Kipande kisitupwe. Kifungwe katika shashi safi iliyoroweshwa maji ya dripu ya chumvi, kitiwe katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Barafu yenyewe isiguse nyama. Madaktari wa upasuaji huweza kukirudisha, na kila saa inayopita hupunguza matumaini.

La tatu ni fistula, yaani tundu la pembeni ambalo mkojo hupitia. Mara nyingi husababishwa na njia ya mkojo kukatwa, kubanwa, au kupitiwa na sindano wakati wa kuzuia damu. Hili halikimbiliwi. Kwa kawaida husubiriwa miezi sita hivi mpaka uvimbe uishe, kisha huzibwa tabaka kwa tabaka, na mtoto hubaki na mrija wa mkojo kwa siku kadhaa.

La nne ni tundu la mkojo kuwa jembamba. Hili huja miezi au hata miaka baadaye: mkojo hutoka kama uzi na mtoto hujikakamua. Tiba yake ni upasuaji mdogo tu wa kulipanua.

La tano, na ndilo zito zaidi, ni dhakari kuungua na kufa kwa sababu ya chombo cha umeme cha kukatia na kuzuia damu, kinapotumiwa bila ya ujuzi. Hapo kinachobaki ni kujenga upya, kwa operesheni nyingi na kwa miaka.

Kuna na mtoto ambaye hafai kutahiriwa kwanza: aliyezaliwa na tundu la mkojo upande wa chini. Baadhi ya Waislamu husema huyu katahiriwa na Malaika. Wengine humkata kilichobakia, na ngozi ile ndiyo daktari anayoihitaji kumtengenezea njia ya mkojo, kwa kawaida baina ya miezi 6 na 18.

Ama hukumu, Imam An-Nawawi katika Minhaaj ameeleza kuwa ni Sunnah kuharakisha khitani siku ya saba, na mtoto akiwa dhaifu icheleweshwe. Basi anayemchelewesha mtoto mgonjwa hakuiacha Sunnah, ameifuata. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), katika Hadiyth aliyoipokea Abu Daawuwd na wengineo, amembebesha dhamana mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu. Na Ibn Qudaamah katika Al-Mughniy anasema kuwa mpiga chuku, mwenye kutahiri na tabibu hawana dhamana kwa sharti mbili: wawe wanajulikana kwa ujuzi wao, na mikono yao isivuke mpaka. Likikosekana moja kati ya hayo, dhamana ipo, hata kama nia ilikuwa njema na hata kama tohara ilikuwa ya bure.

Kwa hiyo qadar tunaiamini, lakini haifuti haki ya mtoto. Mzazi amesamehe kwa ajili ya ujirani? Jeraha si lake, ni la mwanawe, naye ndiye atakayeishi nalo mpaka ndoa yake. Kumtibu ni wajibu wa walii, na kumfunulia daktari utupu kwa haja ya tiba hakuna makosa.

Tunawausia wazazi waulize kabla: nani atakata, kasomea wapi, na damu isipokatika mtoto atapelekwa wapi? Na taasisi zinazotahiri watoto kwa pamoja zipunguze idadi, ziongeze wajuzi, na ziwafuatilie watoto mpaka wapone.

Allaah awaafu watoto wetu na atupe ufahamu wa dini yetu.

Wa-Allaahu A'lam.